Kucha Fupi na Mgunga wa Makindu

Wanangu wa shamba la Kingstanding,

Jumamosi mlipokuja kwangu, yule binti mwenye miwani aliniangalia vidole nikiwamiminia chai, akasema, "Mama Sahra, hina ni nzuri, but kucha mbona umezikata hivyo?" Mkacheka wote. Nami nikacheka, nikamwambia zinavunjika kwa udongo. Nilimdanganya, anisamehe. Nimewahi kudanganya jambo kubwa kuliko hilo kwa sababu ya kucha zangu, na kwa kuwa mmeniomba niwaandikie kazi ya kuotesha migunga, nitalisema humu humu. Lakini najua vijana hamna subira. Nianze na mbegu.

Mbegu ya mgunga ni ngumu kama kokoto. Ukiipanda jinsi ilivyo utamwagilia mchanga mwaka mzima na majirani watakuonea huruma. Lazima uifungulie mlango. Chukueni kikata kucha, hiki hiki cha nyumbani. Tafuteni jicho la mbegu, ile alama ndogo pale iliposhikana na ganda lake, kisha geuzeni, mbane upande ule mwingine, kidogo tu, mpaka mwone weupe. Ukibana upande wa jicho umemuua mtoto tumboni. Halafu loweka usiku mmoja. Iliyovimba iko tayari, ambayo haijavimba ibane tena.

Kama mbegu ni nyingi na vidole vimechoka, tumieni maji ya moto. Chemsha maji, yaondoe jikoni, yaache yatulie kwa muda wa kunywa nusu kikombe, ndipo umimine juu ya mbegu na kufunika mpaka kesho. Nasema yaondoe jikoni kwa sababu mimi sikuyaondoa. Wiki yangu ya kwanza kitaluni, pale nyuma ya Kings Heath, niliambiwa nitie mbegu kwenye maji ya moto, nikazitia sufuriani zote, nikafunika na kuziacha zitokote. Bosi akaingia. Akafunua kifuniko, akanusa, akaniangalia.

"Mama," akasema, "chumvi umetia?"

Huyo ndiye Fundi Jagir. Alikuwa Kalasinga wa Makindu, kule Ukambani, ambako baba yake alifanya kazi ya reli. Alikuja Birmingham kijana, akachonga vyuma kiwandani miaka mingi, alipostaafu akajenga mabanda mawili ya vioo na kuanza kuotesha miti ya miiba ya Afrika. Mingine alikuwa akiiuza ya bustani, mingine akiidumaza kwenye vyungu vidogo mpaka inakuwa mizee yenye urefu wa mkono, ndiyo bonsai. Kiswahili chake kilikuwa kile cha bara, kisichojali ngeli, na alikizungumza kwa raha kuliko Kiingereza. Mimi ni Msomali wa Isiolo, nimepitia Rotterdam kabla ya kufika huku. Tulipokutana kwenye kituo cha basi na kila mmoja kugundua mwenzake anajua Kiswahili, alisahau kupanda basi lake. Mwezi uliofuata nilikuwa nimeacha usafi wa maofisini na kuwa mfanyakazi wake.

Siku ya sufuria nilidhani nimefukuzwa. Nilikwenda kuchukua koti. Mjue kwamba mimi ni mtu wa hofu. Bahasha ya kahawia ikianguka mlangoni nakaa chini kwanza ndipo niifungue. Simu ya namba nisiyoijua naiacha ilie mpaka ichoke. Miaka mingi ya kuulizwa karatasi imenifundisha kwamba kosa dogo linaweza kukurudisha mwanzo wa foleni. Kwa hiyo nilishika koti, na Fundi akaniambia, "Unaenda wapi? Kaa. Hii ni supu ya pound kumi, mimi nishapika ya hamsini." Ningeliweka neno hilo moyoni vizuri, yaliyofuata yasingetokea.

Mbegu ikishavimba ipandeni kina cha unene wake tu, kwenye mchanga mkubwa uliochanganywa na mboji kidogo. Hapa kwetu msipande kabla ya Mei kama hamna joto chini ya trei. Tumieni vyombo virefu, hata chupa za maji zilizokatwa shingo na kutobolewa chini, maana mgunga hukua kwenda chini kabla ya kwenda juu. Mkiona vijani viwili vimechungulia, jueni chini tayari kuna mzizi wa urefu wa kidole cha kati. Anayetaka mti wa bustani asiukate mzizi huo. Anayetaka bonsai aukate mapema, mche ungali mlaini, ili mizizi ya pembeni itoke. Na ya bustani nayo, msijidanganye: mgunga wa bustani hapa Birmingham ni mgunga wa chungu kikubwa unaotoka nje Mei na kurudi ndani Oktoba.

Miiba itawachoma. Vaeni glavu za ngozi. Mteja mmoja aliwahi kumwomba Fundi ampe mgunga usio na miiba kwa ajili ya wajukuu. Fundi akamwambia aende sokoni akanunue mchicha.

Sasa maji. Hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito.

Mche mchanga unapenda unyevu, na unyevu uingie kutoka chini: weka chombo ndani ya beseni, kinywe, kitoe. Ukiumwagia juu shingo yake inaoza. Lakini mgunga mkubwa wakati wa baridi ni kitu kingine kabisa. Unapukutisha majani, unalala. Mti uliolala haunywi. Ukiumwagilia, maji yanakaa tu miguuni pake na kuozesha mizizi. Haya Fundi aliniambia kwa mdomo wake mwenyewe, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Kati ya miti yake yote kulikuwa na mmoja usiouzwa. Ulikuwa na shina nene kama kifundo cha mkono, limeinama kidogo kama mtu anayesikiliza, na juu umetandaza matawi kama mwavuli. Uliota kwa mbegu aliyookota chini ya mgunga wa mbele ya nyumba za reli walikokuwa wakiishi, siku alipokwenda kumzika mama yake. Aliokota mbegu nyingi, ikaota moja. Mgunga wenyewe wa kule ulikuja kukatwa barabara ilipopanuliwa. Kwa hiyo huu wa chungu ndio uliobaki, na aliuita Makindu. Hakusema "mti wangu." Alisema, "Makindu imetoa majani," au "Makindu inataka jua."

Novemba ya mwaka 2017 Fundi aliingia hospitali kwa ajili ya moyo. Asubuhi ya kuondoka alinipa funguo, akanionyesha Makindu kwenye meza ya peke yake karibu na hita.

"Mama, hii itaangusha majani. Usiogope. Wacha ilale. Maji kijiko kwa wiki mbili, basi. Na ukiwa na wasiwasi, chukua ukucha, kwangua tawi moja ndogo sana huku pembeni. Ndani ikiwa green, iko hai. Mara moja tu, sawa?"

Nikasema sawa.

Majani yalianguka yote ndani ya wiki moja. Wanangu, nyinyi mmezaliwa hapa, mti mtupu kwenu ni kitu cha kawaida kila Krismasi. Mimi nimezaliwa mahali ambapo mgunga ukipukutika, watu wazima wanaacha kupiga soga. Maana yake mvua imekataa. Niliwahi kuona mbuzi wetu wakilala chini ya mgunga mtupu na wasiamke. Nilijua niko Birmingham, nilijua hita inafanya kazi, lakini kila nilipofungua mlango wa banda na kuuona ule mti, niliwaona wale mbuzi.

Na kulikuwa na jambo lingine. Kwetu Isiolo, mama yangu alikuwa akitawadha mbele ya mgunga wa nyumbani. Alikinga maji kwenye beseni, na alipomaliza aliyamwaga kwenye shina. "Maji yaliyokuosha kwa ajili ya Mungu hayaendi mtaroni," alikuwa akisema. Ndivyo nilivyolelewa. Kitaluni nami nilitawadha kwa kopo na beseni, na yaliyobaki nikaipa miti. Wakati wa kiangazi haikudhuru. Siku ni ndefu, adhuhuri tu ndiyo inaangukia ndani ya kazi, pengine na alasiri, na miti ina kiu. Lakini Desemba hapa mchana ni mfupi kama kuteleza. Adhuhuri saa sita na kitu, alasiri kabla ya saa nane, magharibi saa kumi, na mimi nilikuwa natoka kazini saa kumi na moja. Sala tatu. Mabeseni matatu. Na kwa huruma yangu yote matatu niliyapeleka kwa Makindu.

Nilimwagia karibu mwezi mzima. Nilikuwa nasema bismillahi.

Aliyenizindua ni Papa Deo, Mkongo aliyekuwa akija na gari kupeleka miti kwa wateja. Aliingia kuchukua chungu, akasimama, akakunja pua.

"Mama, hapa kunanuka nini? Kama mufereji."

Nikainama kwenye Makindu. Udongo ulinuka maji ya mtaroni, na vijidudu vidogo vyeusi vikaruka usoni mwangu. Nilibonyeza kwa kidole, maji yakajaa kwenye tundu.

Hapo ndipo iliponipasa kupiga simu. Fundi alikuwa bado anaongea, bado hajapasuliwa, angeniambia la kufanya kwa dakika tano. Nilitoa simu mfukoni, nikairudisha. Nilijiambia ana moyo mgonjwa, habari hii itamuua. Huo ulikuwa uongo mzuri, kwa sababu ulinifanya nionekane mwenye huruma. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa sura yake. Niliogopa kurudi kwenye usafi wa maofisini, niliogopa kuwa yule mtu aliyepewa kitu kimoja akakiharibu.

Nikaacha kumwaga maji, na nikakwangua tawi dogo. Ndani palikuwa na ukijani. Nikashusha pumzi.

Kesho yake hofu ikarudi. Nikakwangua kidogo chini yake. Kijani. Siku ya tatu nilikwangua tena pale juu, pakawa kahawia. Nikateremka, nikakwangua tena. Mnaelewa kilichokuwa kikitokea? Ukijani ulikuwa unarudi nyuma, tawi hadi tawi mpaka shinani, na mimi naufuata kwa ukucha. Januari yote nilikuwa nafika kazini sijavua hata koti, nakwenda moja kwa moja kwenye meza ile. Nikiona kijani, ninapata amani ya saa mbili. Nikiona kahawia, siku nzima sili.

Kila Jumatano nilipanda basi kwenda hospitali. Walikuwa wamempasua, amekonda, kilemba kimekuwa kikubwa kuliko uso. Swali la kwanza lilikuwa moja siku zote.

"Makindu iko namna gani?"

"Imelala tu, Fundi."

"Vizuri. Wacha ilale."

Halafu anafumba macho akiwa ametulia, na mimi nakaa pale nimeficha mikono chini ya mtandio, kwa sababu kwenye ukucha wa kidole gumba kulikuwa na uchafu wa gome.

Katikati ya Februari alipiga simu. "Mama, wameniachia. Jumatatu nakuja kuona watoto wangu." Sikulala, na sina haja ya kuwasimulia usiku huo. Asubuhi ya Jumatatu Papa Deo alinikuta nimesimama kati ya meza mbili. Kwenye meza moja Makindu, kwenye nyingine mgunga wa kuuzwa, unaokaribia umri wake, mzima.

"Mama, huu muti ulishakufa," akasema taratibu. "C'est fini, ni kuni. Utoe, utie huu mwingine mu chungu. Muzee hana macho mazuri."

Msimlaumu, alinihurumia. Nami nisiwafiche: niliung'oa ule mgunga mwingine. Niliushika mikononi, udongo unadondoka viatuni, mpaka nikaangalia shina lake. Lilikuwa limenyooka. Halikusikiliza kitu chochote. Nikaurudisha, nikaushindilia, na glavu zikiwa bado mkononi nikasikia teksi nje.

Fundi aliingia kwa mkongojo. Nina hakika harufu aliisikia toka mlangoni. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Makindu, akavaa miwani. Akageuza chungu polepole. Kisha akaanza kupitisha kidole gumba kwenye shina, kutoka juu kuja chini, midomo inacheza. Nilidhani anaomba. Alikuwa anahesabu.

"Kumi na tisa," akasema. Akavua miwani. "Mama, wewe umeogopa mara kumi na tisa. Namba yangu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, Fundi."

"Maji ni kosa. Mimi pia nimeua miti na maji. Hii," akagusa makovu, "hii sio maji. Angalia, hapa chini umezunguka. Hizi nne zinakaribia kushikana. Gome ndio barabara ya chakula ya mti. Ungekwangua mbili tatu tena, ungekuwa umeinyonga na mkono yako, hata kama mizizi ingepona."

Nilimwambia yote. Beseni, sala, mama yangu, mbuzi, Jumatano zote za uongo, hata mgunga ule mwingine niliouchomoa. Nililia mpaka nikatafuta pa kushika. Hakunifariji. Alingoja nimalize, akatia mkono mfukoni, akatoa kile kikata kucha chetu cha mbegu, akakiweka mezani mbele yangu.

"Kata."

Nikakata kucha zote kumi mbele yake, na vipande vikaanguka kwenye trei ya mbegu.

"Sasa lete maji ya vuguvugu na msumeno mdogo."

Tuliung'oa. Mizizi iliyooza ilichunika mkononi kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Tuliiondoa yote, ikabaki mitatu midogo. Tukakata matawi yote, mwavuli wote ule wa miaka, tukakata na shina juu ya yale makovu manne ya chini. Kilichobaki hakikuzidi urefu wa kidole changu. Tukakipanda kwenye mchanga mkavu wa kokoto, karibu na joto. Mkikutana na balaa kama hiyo, fanyeni hivyo hivyo, lakini fanyeni wiki ya kwanza.

Halafu tukangoja. Machi theluji ilianguka tukaogopa umeme. Aprili miti mingine yote iliamka, kile kidole kikabaki kidole. Fundi alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye kiti. Mimi vidole vilikuwa vinaniwasha. Hakuna siku niliyopita pale bila kutaka kujua. Nilikuwa nikikata kucha kila Ijumaa, halafu nikaanza kukata na Jumanne.

Mwisho wa Mei, asubuhi moja nikiwa naleta chai, nilimkuta amekaa amegeuzia meza mgongo.

"Mama, enda wewe uangalie," akasema. "Leo mimi siwezi. Naogopa."

Miaka yote ile sikuwa nimemsikia akilitumia neno hilo. Nilidhani ni langu peke yangu. Niliweka chai chini, nikainama, mikono nimeifunga nyuma. Upande wa ukutani, chini ya kovu la mwisho, palikuwa na kitu chekundu kidogo kama punje ya ufuta. Nikapangusa macho nikaangalia tena.

"Imetoa, Fundi," nikasema. "Makindu imetoa."

Hakugeuka. Aliomba chai.

Alifariki miaka miwili baadaye, Makindu ikiwa na matawi matatu. Aliniachia mimi. Iko hapa dirishani kwangu Erdington, ndiyo ile mliyodhani Jumamosi ni kijiti cha kushikia ua, yenye makovu manne chini. Ilipukutisha majani yote wiki mbili zilizopita. Sijui kama iko hai. Sitajua mpaka Mei. Beseni langu nalimwaga kwenye waridi la jirani, kwa ruhusa yake.

Mbegu zenu zitawasumbua, mtaunguza nyingine na kuozesha nyingine, na mtaogopa kuniambia. Namba yangu mnayo. Siku hizi simu nazipokea, hata za namba nisizozijua.

Na yule binti mwenye miwani mwambieni jibu ni hilo. Nimezikata tena leo asubuhi.